Pimamaji ya Mwalimu Eufrasia

Jina la nchi yetu silitaji. Msinielewe vibaya, siogopi. Ni kwamba jina lile limesajiliwa Wizara ya Majina, na raia akitaka kulitamka hadharani sharti ajaze fomu tatu, nayo fomu ya pili imekwisha tangu mwaka juzi. Basi sisi wenyewe tunaiita Hapa. Tunasema Hapa ni pazuri, Hapa hakuna njaa, na mgeni akituuliza hapa ni wapi tunamjibu kuwa ni hapa hapa. Mambo yanakwenda.

Mimi ni Katibu. Jina ninalo, lakini tangu niingie Idara ya Mihuri hakuna aliyelihitaji. Kazi yangu ni kugonga muhuri juu ya mihuri iliyokwisha kugongwa, ili ijulikane kwamba ile ya kwanza ni ya kweli. Ni kazi ya heshima na naifanya vizuri. Jumamosi, hata hivyo, nilikuwa katibu wa jambo jingine lililonipa raha zaidi, nalo ni Umoja wa Wapenda Zana, wanachama wanne, nami nikiwamo.

Sisi tulikuwa watu wa kununua zana. Sikusema kutumia, nimesema kununua. Bwana Tungaraza, mstaafu wa posta, alikuwa na keekee za umeme tano, na nyumbani kwake hamkuwa na tundu hata moja ukutani, kwa maana alisema ukuta nao unaumia. Bwana Shamte, muuza magodoro, alikuwa na misumeno ya kila namna, yote ingali ndani ya maboksi yake, hata ile nailoni ya juu haijabanduliwa. Ukimuuliza kwa nini haibandui, anakukazia macho kama mtu uliyemwambia amvue nguo mgeni. Mimi ugonjwa wangu ulikuwa spana. Nilikuwa nazo za kila namba, pamoja na ile inayotanuka na kubana nati ya ukubwa wowote, ambayo mafundi wanaiita spana malaya. Wizara ya Maadili ilikwisha kuibadili jina, sasa ni spana mkarimu, na ukiitaja kwa jina la zamani dukani unaambiwa zimekwisha.

Wa nne alikuwa Mwalimu Eufrasia Kiwelu, anayefundisha hesabu darasa la pili katika Shule ya Msingi Mchongoma. Mwalimu alikuwa na kasoro moja tuliyomvumilia kwa ajili ya urafiki. Zana akiinunua, anaitumia.

Tulikuwa na mila yetu. Zana mpya haionyeshwi siku inaponunuliwa. Inawekwa ndani siku saba kama mwali, haiguswi, haipigwi jua. Jumamosi inayofuata inaletwa barazani kwa Tungaraza ikiwa imefunikwa kanga, mwenyewe anaifunua pole pole, kwanza mpini, kisha kiuno, na sisi tunaguna. Mkewe Tungaraza, Bi Salha, alikuwa akitumiminia kahawa na kusema nyumba yake imejaa wanawali, waume hawaonekani. Kiti kikivunjika kwake, au kwetu sote, aliitwa Fundi Bakuza, mzee mmoja mwenye panga na jiwe. Kwa panga na jiwe alitengeneza kila kitu. Zana zetu hatukumruhusu azisogelee.

*

Jumamosi ile zamu ilikuwa ya Mwalimu. Alifunua kanga, na chini yake ilikuwapo pimamaji, ndefu ya mita moja, ya manjano, ina vichupa vitatu vya kioo vyenye maji ya kijani na kiputo cha hewa ndani. Akatueleza kwa upole wa mtu aliyezoea watoto wa miaka minane: ukiilaza juu ya kitu, au ukiisimamisha ukutani, kiputo kikikaa katikati ya mistari miwili, kitu hicho kimenyooka. Kiputo kikikimbia, kimepinda. Basi.

Mbona tulipatwa na wazimu! Tulipima meza ya kahawa, imepinda. Tukapima friji ya Tungaraza, imepinda. Tukaenda kwa Shamte tukapima kitanda chake, na kiputo kikakimbilia miguuni bila kuaga. Huyu ndiye bwana ambaye kwa miaka sita alikuwa akilalamika shingo, amekunywa dawa za mizizi za mikoa mitatu, kumbe kila usiku alilala kichwa kikiwa bondeni. Tuliporudi, Bi Salha akatutaka tupime na rafu ya jikoni kwake, aliyoipigilia Bakuza kwa jiwe. Kiputo kilisimama katikati, hakikutikisika. Tukakubaliana kuwa ni bahati.

Laiti mambo yangeishia jikoni. Lakini Jumatatu Mwalimu alikwenda nayo kazini.

Shule ya Mchongoma ilikuwa imejengewa jengo jipya, ghorofa moja juu ya jingine, limepakwa rangi ya bluu, na mlangoni pamechorwa uso wa Mheshimiwa Waziri wa Unyoofu akitabasamu. Waziri mwenyewe alikuwa aje kulifungua baada ya miezi mitatu, na siku hiyo hiyo watoto mia tatu na kumi na wawili, ambao walikuwa wakisomea kwenye banda la mabati, wangehamia humo. Mwalimu akaisimamisha pimamaji kwenye ukuta wa magharibi, unaotazama uwanja. Kiputo kikakimbia. Akaigeuza juu chini, maana chombo nacho huweza kukosea, kiputo kikakimbilia upande ule ule wa ukuta. Akapanda juu, akaning'iniza uzi wenye jiwe kutoka ukingo wa paa. Jiwe lilipotulia chini, kati yake na ukuta palikuwa na shubiri mbili. Ukuta ulikuwa umeinamia uwanja kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Akakwangua rangi kwa ukucha, na nyuma ya rangi pakatokea ufa ambao kidole chake kiliingia.

Alikuja kwangu ofisini siku ile ile, ana vumbi la chokaa kwenye nyusi. Alisema hataki jengo livunjwe, hataki mtu afungwe. Anataka watoto wake wasiingizwe mle, hilo tu. Nikamwambia aandike barua, kwa maana Hapa serikali inasikia barua.

*

Barua iliandikwa vizuri sana, niliisoma mwenyewe. Ilianza hivi: "Kwa kutumia pimamaji, nimebaini hitilafu katika ukuta wa magharibi." Masjala Kuu, karani akasoma mpaka neno la tatu, akakuta maji, akaipeleka Wizara ya Maji. Simlaumu. Barua ni nyingi, na Masjala wana agizo la kutosoma zaidi ya maneno matano kwa kila barua ili kuokoa macho ya taifa.

Wiki haikuisha, Wizara ya Maji ikatuma ujumbe wa watu tisa wenye mabuti ya mpira, wakiongozwa na Mkurugenzi wa Maji Yasiyoonekana. Walikuja na ndoo, bomba la kunyonyea na mashua ndogo ya kupulizwa, endapo itahitajika. Mkurugenzi aliugonga ukuta kwa kiwiko, akauwekea sikio, akauliza maji yenyewe yako wapi. Mwalimu akamweleza kuwa pimamaji haipimi maji, inapima unyoofu, na kwamba ukuta ule utawaangukia watoto. Mkurugenzi akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimesomea maji miaka minne ng'ambo. Chombo kinaitwa pimamaji, nawe unaniambia hakipimi maji. Kesho utaniambia zimamoto haizimi moto."

Kwa kweli Hapa zimamoto haizimi moto, inakuja kuhesabu nyumba zilizobaki, lakini hilo si la kumwambia mkurugenzi.

Kisha akaviona vile vichupa. Akaiinua pimamaji juani, akakunja uso, akauliza haya ya kijani ni maji gani, yametoka chanzo kipi, na Mwalimu ana kibali gani cha kuhifadhi maji ya umma kwenye chombo kisichosajiliwa.  Akaamriwa aipeleke pimamaji wizarani kila mwisho wa mwezi ikaangaliwe kama maji yamepungua.

Ripoti ilitoka haraka. Ilisema ukuta umekutwa mkavu, hauna dalili yoyote ya maji, kwa hiyo uko salama kwa matumizi ya watoto. Iliongeza kwamba bomba la shule nalo limekutwa kavu kabisa, na kuipongeza shule kwa usalama huo. Ripoti ikaja kwangu. Nikaigonga muhuri.

Ndiyo, niliigonga. Ilikuwa na mihuri minne tayari, ungenitaka nifanyeje?

*

Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakuleta zana ya kuonyesha. Alikuja kutuomba. Alimwomba Tungaraza achukue keekee moja kati ya zile tano, waende wote shuleni, watoboe nguzo tundu dogo tu, waone kama ndani mna nondo au mna mabua. Tungaraza akajikuna, akasema keekee ile haijatimiza siku zake saba ndani. Bi Salha akasema kwa sauti kutoka jikoni kuwa keekee ile ina miaka minne ndani. Tungaraza akakumbuka pensheni yake, akasema anasikia kizunguzungu.

Alimwomba Shamte awe shahidi, aandike alichokiona kitandani kwake, kwamba chombo hakidanganyi. Shamte akasema shingo imepona, anamshukuru sana, lakini magodoro ya mabweni yote ya serikali yanatoka dukani kwake na yeye si mtu wa maneno. Kisha Mwalimu akanigeukia mimi. Nami nikawaomba radhi, nikasema nimechelewa mahali. Siku ile sikuwa na pa kuchelewa popote, jamani. Nilikwenda nikakaa sokoni kwenye gunia la mkaa la mtu, naona aibu.

Habari hazikai kisimani. Zikamfikia Mheshimiwa Waziri wa Unyoofu, akaita waandishi, akasimama mbele ya bendera tano zinazofanana. Nimehifadhi hotuba yake.

"Ndugu wananchi, kuna chombo kimeingia nchini kutoka nje, kina mwili wa manjano na tumbo la kioo, na ndani ya tumbo lake kuna hewa ya kigeni. Hewa hiyo inathubutu kuutazama ukuta wetu na kuukimbia! Najiuliza, tangu lini hewa ikawa na shahada? Ukuta ule umejengwa na shemeji yangu kwa mikono ya watu wengine. Ukuta haujapinda. Kilichopinda ni kipimo."

Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga, nilikuwa nimekaa mstari wa pili.

Ikaundwa Kamati ya Kiputo, wajumbe kumi na tisa, ikakaa hotelini siku kumi na moja. Walikipeleka kiputo ukutani mara arobaini, wakakihimiza, wakakitishia, mjumbe mmoja akakiimbia wimbo wa taifa. Hakikusogea. Siku ya kumi na moja wakapata hekima, kwamba kama kiputo hakitaki kuja kwenye mistari, basi mistari ikifuate kiputo. Ndivyo ilivyozaliwa Pimamaji ya Taifa. Mistari yake imechorwa pembeni kabisa, pale pale kiputo kinapokimbilia ukiiweka kwenye ukuta wa Mchongoma. Kwa kipimo hicho ukuta ule ndio kitu kilichonyooka kuliko vyote Hapa, na vingine vyote vikawa vimepinda.

Kazi ya kuvinyoosha ikaanza mara moja. Maseremala wakaamriwa watengeneze milango kwa kipimo kipya, na kwa mwezi mzima watu wa Hapa waliingia nyumbani kwao kwa ubavu. Meza za mikahawa zikanyooshwa, chai ikawa inahamia mapajani kwa wateja, na wateja wenye busara wakajifunza kukaa upande wa juu. Askari wa gwaride walisimama wima kwa kipimo cha taifa mpaka mstari mzima ukalala chini, ukapewa nishani ukiwa hapo hapo. Fundi Bakuza peke yake ndiye aliyekataa. Alisema jiwe lake halina mistari.

Na wanachama wenzangu? Ah! Tungaraza na Shamte walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Pimamaji ya Taifa ilikuwa na taa, ina mfuko wa ngozi, na ukiibonyeza inasema "Hongera" kwa sauti ya Waziri. Niseme ukweli, nami nilinunua. Tuliziweka ndani siku saba, tukazitoa Jumamosi, tukaguna. Kiti cha Mwalimu barazani kilikuwa kitupu, na Bi Salha siku hiyo hakuleta kahawa.

Pimamaji zote za zamani zilitakiwa ziletwe kusahihishwa, na idara iliyopewa kazi hiyo ni yangu. Mwalimu Eufrasia alileta yake. Akaiweka mezani, akasubiri nikifuta mistari ya katikati kwa spiriti na kuchora mipya pembeni. Nilipoinua muhuri, akaniuliza taratibu:

"Katibu, wewe kiputo ulikiona kwa macho yako. Hapa unagonga nini?"

"Nagonga penye nafasi," nikamjibu.

Akachukua chombo chake, akasema asante. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera siku nzima.

*

Kwa kuwa alikuwa amewasumbua wakubwa, Mwalimu aliondolewa kwenye mambo yote ya vipimo na kupewa kazi isiyoweza kuleta madhara. Aliwekwa kwenye kamati ndogo ya viti vya sherehe. Waliompa kazi hiyo hawajapata kufundishwa naye hesabu.

Mwalimu alikaa na Kitabu cha Itifaki siku mbili, akakuta kifungu kisemacho kwamba mgeni rasmi hukaa karibu kabisa na kile anachokifungua, na watu wengine humfuata kwa ukubwa wao. Basi asubuhi ya sherehe, viti vya wakubwa vilikuwa vimepangwa safu tatu nzuri, vina vitambaa vyeupe na majina, chini kabisa ya ukuta wa magharibi, kwenye kivuli chake. Watoto mia tatu na kumi na wawili aliwakalisha upande wa pili wa uwanja, kwenye nyasi, juani. Wazazi wakanung'unika kuwa watoto wanaungua. Mwalimu akawaambia wavumilie, jua haliangukii mtu.

Wa kwanza kufika alikuwa mkandarasi, yule shemeji. Alikuja anacheka, ana miwani ya dhahabu, akatafuta jina lake. Alipoliona lilipo, kicheko kikakatika. Akainua macho kuutazama ukuta, akaushusha mdomo, akakibeba kiti chake mwenyewe mpaka katikati ya uwanja. Aliyemuuliza akaambiwa kuwa daktari amemshauri apate jua.

Akaja mhandisi aliyetia saini jengo. Naye akaliona jina lake, akamwona mkandarasi kule juani, akabeba kiti. Akasema anataka kulitazama jengo lote kwa pamoja, uzuri wake unaonekana kwa mbali. Akafuata Mkurugenzi wa Maji Yasiyoonekana, akasema haamini vivuli. Wajumbe wa Kamati ya Kiputo, kumi na tisa, walikuja kwa basi moja, wakasimama kidogo wakinong'ona, kisha viti kumi na tisa vikavuka uwanja vikiwa vichwani mwa watu wenye suti. Tungaraza, Shamte nami tulikuwa na viti safu ya tatu. Sitaki kueleza sana. Tulikuwa tumekwisha kuhama.

Waziri alipofika na ving'ora, alikuta kiti kimoja tu chini ya ukuta, kikubwa, chenye mto mwekundu. Ni chake. Mlinzi wake akamnong'oneza jambo. Waziri akatutazama sote tulivyobanana juani na watoto, jasho linatutoka, akamtazama shemeji yake, na shemeji yake akawa anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Hapo Mwalimu Eufrasia akashika kipaza sauti. Alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la Jumapili.

"Mheshimiwa, kiti chako kile pale. Ukishakaa, nitawaingiza watoto. Ama waingie sasa hivi?"

 Mama mmoja nyuma yangu alikuwa akisali kwa kilugha chake. Waziri akafungua mdomo, akaufunga, akapangusa uso kwa hotuba yenyewe. Nawaambieni, nimehudhuria hotuba nyingi, lakini sijapata kuona mtu akitafuta neno kwa bidii namna ile.

Akalipata. Akasema kwamba alipolitazama jengo lile kwa macho yake, amegundua kuwa ni zuri mno. Si jengo la kuchorwachorwa na chaki wala kutemewa mate na watoto. Ni jengo la mfano, la kutazamwa na vizazi. Kwa mamlaka aliyonayo analitangaza kuwa Makumbusho ya Unyoofu, litazungushiwa kamba, na mtu yeyote asilisogelee hatua thelathini, kwa heshima. Watoto wataendelea kusomea bandani, wakilitamani. Akaukata utepe akiwa mbali, kwa mkasi uliofungwa kwenye mti mrefu.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mwalimu hakupiga. Alikaa chini kwenye nyasi pale pale katikati ya watoto wake, akavua viatu.

*

Makumbusho yalikaa wiki tatu na siku mbili.

Jumanne ile, mvua za vuli zilikuwa zimenyesha siku nne. Mimi nilitumwa Mchongoma na Cheti cha Unyoofu, nikakibandike kwenye ukuta wa magharibi na kukigonga muhuri. Nilikuwa na ruhusa maalumu ya kuvuka kamba. Nikaona si adabu kupita bila kumwamkia Mwalimu, nikabisha hodi bandani. Akanikaribisha kwa kichwa tu, akaninyooshea kidole kwenye benchi la nyuma. Alikuwa katikati ya hesabu ya kutoa kwa kuazima kumi, na mtoto mmoja mbele ubaoni alikuwa amekwama. Nikamwambia nina haraka, kazi yangu ni ya dakika mbili tu pale ukutani.

"Kaa, Katibu. Tukimaliza hili utakwenda."

Nikakaa. Yule mtoto akakosea tena. Mwalimu akamfutia, akamwambia aanze upya, wala hakumharakisha. Nikatazama saa yangu, nikaghadhibika kwa ndani. Ndipo tukausikia.

Haukuwa mlio mkubwa kama nilivyodhani milio hiyo huwa. Ulikuwa kama gari la mchanga linapomwaga. Mabati ya banda yakatetemeka, vumbi la bluu likaingia kwa madirisha, na tulipochungulia, makumbusho hayakuwapo. Ukuta wa magharibi ulikuwa umelala uwanjani wote, kuanzia msingi mpaka hatua ya ishirini na nane. Jioni redio ilitangaza kuwa jengo limestaafu kwa heshima, na kwamba ni uono wa mbali wa Mheshimiwa Waziri ulioweka kamba hatua thelathini. Sasa yeye ni Waziri wa Uono wa Mbali. Lakini hayo ni ya jioni.

Bandani hakuna aliyelia. Watoto walimtazama Mwalimu wao. Naye akaenda mezani akafungua daftari la mahudhurio, ambalo alikwisha kuliita asubuhi ile, akaanza kuliita tena kutoka juu. Aliita jina moja moja, lote, la mtoto na la baba. Nipo, Mwalimu. Nipo, Mwalimu. Walimu wengine kwenye vyumba vya jirani wakasikia, nao wakaanza, na banda zima la mabati likawa linaita na kuitikia. Yeye alikuwa akiweka tiki kwa kila jina, na machozi yalikuwa yakidondoka kwenye daftari, hakuyafuta. Jina la mwisho lilikuwa la msichana aitwaye Yustina Zawose. Akaitika.

Mwalimu akafunika kalamu. Kisha akainua macho mpaka kwenye benchi la nyuma, ambako nilikuwa nimeshika cheti mkono mmoja na muhuri mkono mwingine.

"Na wewe, Katibu?" akauliza. "Upo?"

Watoto wote wakageuka kunitazama. Nilitaka kuitika kama walivyoitika wao, neno lenyewe ni fupi. Nikajikuta nimeinua muhuri.